Jua kwa Uniti

Mji wetu unaitwa Vado Seco, Kivuko Kikavu,
na jina halikudanganya: mto ulihama kabla ya bibi yangu.
Kilichobaki ni jua, jua la kumwaga,
na bili ya umeme wa shule
iliyokula vitabu vya sayansi miaka miwili mfululizo.

Mimi ndiye mshika daftari.
Najua kila senti ilipoingilia na ilipotokea.
Februari tulizima taa za ukumbi,
watoto wa bendi wakapuliza tarumbeta gizani.
Agosti tukazima viyoyozi.
Mwalimu Apodaca alifundisha aljebra na taulo shingoni.

Ndipo akaja Bwana Lindqvist kutoka Denver,
viatu havijaonja vumbi,
akatandaza mkataba, kurasa sitini na mbili.
Hamtoi hata senti ya kuanzia, akasema.
Paneli zetu, nyaya zetu, mafundi wetu.
Ninyi tupeni paa tu,
kisha kila uniti itakayoshuka mtainunua kwetu
kwa senti tisa, miaka ishirini na mitano.

Ortensia Lucero, mjumbe wa bodi, akavua miwani.
"Jua letu, paa letu,
na bado tununue?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikaeleza, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa:
kwa sheria ya wakati ule
serikali ilimsamehe kodi aliyejenga mitambo,
na shule haidaiwi kodi,
asiyedaiwa atasamehewa nini?
Msamaha ulikwenda kwake, nasi tukapunguziwa bei.
Kampuni ya umeme ilitutoza senti kumi na nne.
Tofauti, senti tano. Uniti laki tatu kwa mwaka.
Nikaandika ubaoni: dola elfu kumi na tano,
yaani nusu ya mwalimu wa muziki,
kuanzia kiunoni kwenda juu, akadakia mtu.

Sikuwaficha kipengele cha sita:
kila mwaka bei itapanda kwa asilimia mbili.
Hili si deni, nikasema, lakini ni ahadi
ya kula kwa mpishi mmoja
hadi mtoto wa chekechea wa leo
amlete wake chekechea.
Jua tulilijua kwa kutukausha.
Kulijua kwa hesabu ni jambo jingine.

Nyuma, karibu na mlango, funguo zikalia.
Delfino Archuleta, mtunza jengo, alikuwa amesimama.
"Paa linavuja," akasema.
"Juu ya darasa la tisa, na pembe ya maktaba.
Nimeziba kwa lami mara kumi na moja.
Mkiweka vioo juu ya lami yangu,
mwaka wa saba mtavishusha vyote.
Nani atalipa kuvishusha?"

Lindqvist akafunua karatasi, akafunua tena.
Kipengele cha kumi na nne: mwenye jengo.
Delfino hakuwa ameusoma mkataba.
Paa ndilo alilolipanda.

Miezi mitatu tulivutana, barua kwa barua.
Mwishowe wakakubali kuezeka upya kwanza,
na senti tisa ikawa tisa na nukta nane.
Kura nne kwa moja.
Ortensia alipiga hapana, akaomba iandikwe kwa jina lake,
nami nikaiandika, kwa wino,
maana huenda mwaka wa ishirini
mtu akataka kujua nani alisita.

Sasa bili ni mbili badala ya moja.
Kila Ijumaa Delfino husoma mita kwenye chumba cha boila,
huniletea tarakimu kwa penseli, nyuma ya risiti ya misumari.
Wiki nyingine ni nono. Wiki ya theluji ni sifuri, sifuri, nane.

Julai ikaja mvua ya radi, ile ya kupasua.
Nilimkuta darasa la tisa, viti vimepangwa kando,
anatazama dari,
ndoo mkononi,
hajui pa kuiweka.